Hongera, Umechaguliwa

Ukitaka kumsikia dada yangu, nenda stesheni ya treni. Yeye mwenyewe hutamkuta. Utakuta spika zimening'inia kwenye nguzo, na kutoka ndani ya spika hizo atakwambia kwamba treni ya mchana imechelewa, kwamba abiria mnaombwa radhi, msogee nyuma ya mstari wa njano. Dada hajakanyaga stesheni hiyo siku nyingi. Sauti yake ndiyo iliyobaki kazini. Mwenye sauti, wakubwa wa treni waliambiana wampumzishe.

Alianza kutangaza pale akiwa msichana, ndiyo maana mtaani wote wakamwita Mama Stesheni hata kabla hajazaa. Ana sauti ambayo sijui niielezeje. Si nzito, si nyembamba, na haina haraka. Ukiambiwa na sauti ile kwamba treni imeharibika njiani, hukasiriki, unatafuta pa kukaa. Mimi ni mdogo wake, nimelelewa nikigombezwa na sauti hiyo hiyo, na nakuhakikishia hata kugombezwa kulikuwa kutamu.

Kisha wakaja watu wa kompyuta. Wakamweka kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro wakamwambia asome namba zote, majina ya vituo vyote, saa zote za asubuhi na jioni, na maneno ya kuomba radhi kwa kila aina ya balaa. Wakamwambia ni heshima kubwa. Naye, kwa kuwa ni dada yangu na hajui kufanya kazi nusu nusu, alikunywa maji ya moto na asali ili koo lisikwame, akasoma kwa moyo wake wote. Alipomaliza kusoma, unga ukamwagika. Walimpa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Saa yenyewe inachelewa, watu wa treni hao.

Hakulia. Ningefurahi kusema alilia, ingekuwa nafuu kwetu sote. Alikaa tu. Ganzi ilimwingia kama inavyoingia mguuni ukiukalia vibaya, ila hii haikuondoka aliposimama. Alipika, alifua, alijibu salamu. Ukimtania hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha, maana dada yangu alikuwa mwepesi wa kunirushia mwiko. Tuliishi watatu katika nyumba moja ya vyumba vya kupanga: mimi, yeye na binti yake. Shemeji alishafariki binti akiwa bado anatambaa. Mimi ni fundi wa makochi na viti, kazi yangu naifanyia barazani, kwa hiyo kila aliyekuja na kila aliyetoka nilimwona, na kila upuuzi ulioingia nyumbani mwetu ulipita mbele ya nyundo yangu.

Upuuzi huu uliingia kwa karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Dada aliing'oa akaja nayo. Kampuni inayokua kwa kasi inatafuta maafisa wa mahusiano. Uzoefu si lazima. Kipato hakina kikomo. Nafasi ni chache, wahi. Tuma namba yako ya simu tu.

"Namba tu?" nikamuuliza. "Hawataki jina?"

"Jina watalichukua nikifika."

"Dada, hata mimi mtu akiniletea stuli nimshonee ngozi, namuuliza jina lake ni nani. Kampuni gani hii isiyotaka kujua inamwajiri nani?"

"Wewe unashuku kila kitu," akasema, bila hasira. Akaenda.

Alirudi siku hiyo hiyo na kazi. Wenzake aliowakuta kwenye foleni walipelekwa mitaani, lakini yeye, alipofungua mdomo kusema habari za asubuhi, mkubwa wa pale alimsimamisha, akamwomba arudie. Akarudia. Akapewa meza, kiti na simu ya kuvaa kichwani. Cheo chake kikawa Afisa Mteule wa Ajira.

"Mteule wa nani?" nikamtania.

"Sijui. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitambulisho."

Nilifurahi hata hivyo, lazima niseme. Alikuwa anaamka, anachana nywele, anapaka mafuta viatu. Nikajisemea, hata kama ni mradi wa ubabaishaji, angalau umemtoa kitandani. Binti yake akamkumbatia mlangoni. Dada akakaa amekumbatiwa, mikono imelala ubavuni, mpaka akaachiwa.

Haikupita muda nikaitwa mimi mwenyewe huko ofisini. Viti vya ukumbi vilikuwa vimechanika na dada alinitaja. Nikabeba sponji, ngozi ya bandia na mkebe wa misumari, nikaenda asubuhi.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la matairi. Mapokezini palikuwa na zulia, maua ya plastiki na picha ya gari ambalo hakuna aliyelimiliki. Ukipita pazia, zulia linakwisha. Ndani ni ukumbi mtupu wenye kengele ya shaba ukutani, na vijana wamesimama duara wakipiga makofi. Mmoja alivaa tai fupi mpaka juu ya kitovu, bila shaka ya marehemu babu yake. Katika ofisi ile hakuna mtu aliyekuwa na jina, kila mtu ni bingwa. Bingwa, umeamkaje? Niko moto, bingwa! Yule mkubwa waliyemwita Bingwa Mkuu alikuwa kijana mwembamba mwenye meno mazuri, na alinipokea kwa kunipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi kwa sababu ya kubeba sponji.

Nikakaa pembeni nikaanza kazi. Sisi mafundi wa makochi tunaweka misumari mdomoni, tunaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi huku mkono mmoja umevuta ngozi na mwingine umeshika nyundo. Kwa hiyo niliyasikia yote nikiwa siwezi kusema neno.

"Andikeni watu wote wanaowapenda," Bingwa Mkuu aliwaambia. "Mama, baba, shangazi, jirani, mwalimu wako wa zamani, yule aliyekulipia ada. Hao ndio soko lenu la kwanza. Mtu anayekupenda atakunyima?"

"Hapana!" wakajibu.

"Akikunyima, basi hakupendi!"

Kengele ikapigwa. Sikujua kwa nini ikapigwa, wala wao sidhani kama walijua.

Bidhaa yenyewe ilikuwa chujio la maji la kuweka jikoni, pipa la plastiki lenye bomba. Kila bingwa alipaswa kwanza anunue la kwake la kuonyeshea, pamoja na begi na kitambulisho. Mshahara hakuna. Ukiuza, unapata kamisheni, usipouza, unapata makofi. Kijana anamuuzia mama, anamuuzia shangazi, anamuuzia mwalimu, halafu wapendwa wanakwisha, naye anaingia mitini kwa aibu. Kwenye kiti chake anawekwa mwingine. Nilipokuwa nashona vile viti nilielewa kwa nini vilichakaa haraka kuliko vya hospitali.

Nilipomaliza, Bingwa Mkuu alinilipa kwa chujio. Nikamwambia nyumbani tuna maji. Akasema maji yenu hayajachujwa. Nikaondoka nalo begani kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, tofauti ni kwamba gunia nililishona mimi.

Jioni ile nilimuuliza dada anasema nini kwenye simu kutwa nzima.

"Nasoma walichoniandikia. Nawaita watu kwenye usaili."

"Wakikuuliza ni kazi gani?"

"Nasema mambo yote yatafafanuliwa ukifika."

"Wakiuliza mshahara?"

"Nasema utajipangia mwenyewe."

"Na aliyekosa nafasi unamwambiaje?"

Akafikiri. Alikuwa anachambua maharage, vidole havikusimama. "Hakuna aliyekosa," akasema. "Sina maneno ya kumwambia mtu amekosa. Hawakunipa."

Naye, kama mtu anayezungumza habari za jirani, akaendelea: "Pale stesheni nilikuwa na mambo matatu. Treni gani, inakwenda wapi, inaondoka saa ngapi. Abiria akishajua hayo, kupanda au kutopanda ni hiari yake. Hapa ni hayo hayo matatu ndiyo niliyokatazwa. Natakiwa kumwambia apande kwanza."

"Na wewe unamwambia?"

"Nasoma tu. Hata zile treni sikuziendesha mimi."

Nilitaka kumkemea. Lakini utamkemeaje mtu ambaye neno lako linapita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba? Aliahidiwa kwamba naye atalipwa kwa kila mtu atakayemaliza wiki ya kwanza, na hao walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Kila mara Bingwa Mkuu alimwambia bado kidogo, bingwa, bado kidogo. Hakudai. Nadhani alichokuwa anakipata pale ni kile kiti, na simu ya kuvaa kichwani, na mtu upande wa pili akimwambia asante mama.

Sasa nije kwa binti yake. Tulimpa jina la Chapu kwa sababu hajawahi kufanya kitu taratibu tangu azaliwe. Anakula akiwa amesimama. Anajibu swali kabla halijaisha. Lakini alikuwa na kazi, na kazi ya maana: alifanya kazi kwa Mama Dobi, mwanamke mwenye duka la kufua mashuka ya hoteli, nyuma ya soko. Alianza kwa kukunja taulo. Kwa zile mbio zake akapandishwa, akawekwa kwenye mashine kubwa ya pasi, ile inayomeza shuka zima huku na kulitema kule limenyooka. Alikuwa na mkataba wenye sahihi, na mwisho wa mwezi mshahara ulikuja, haukuwa mnono lakini haukukosa. Nyumba yetu ilisimama juu ya mshahara ule. Mimi makochi huja kwa msimu, na dada nimeshaeleza.

Mama Dobi alikuwa na sheria moja. "Anayetaka kuondoka aondoke salama," alikuwa akiwaambia wasichana wake, "ila nafasi ya mtu sishiki. Ukirudisha aproni, umerudisha na kazi."

Chapu alichoka na mvuke. Mikono ilimuungua ungua, miguu ilivimba, na wenzake aliosoma nao walikuwa wanapita na vitambulisho shingoni. Akaona karatasi kwenye nguzo. Jina la kampuni lilikuwa jingine, kwa sababu ile ofisi ilibadilisha jina kama mtu anavyobadilisha soksi, na dada nyumbani hakuwahi kusema neno lolote la maana kuhusu kazi yake. Chapu hakuuliza mtu. Akatuma namba.

Yaliyotokea siku ya Ijumaa dada alinisimulia baadaye, barazani, mimi nikiwa na misumari mdomoni tena. Nayaweka hapa mahali pake ili uyafuate.

Pale ofisini mashine ndiyo iliyopiga simu yenyewe, yeye alikuwa anasikia tu mtu akiitika, kisha anasoma. Ijumaa hiyo Bingwa Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake na wageni wawili waliovaa suti, akiwaonyesha sauti ya dhahabu ya kampuni. Aliwasha spika ili wote wasikie. Simu ikaita. Kabla ya sauti ya mtu, dada alisikia maji yakizunguka, na kitu kizito kikidunda na kupumua, kikidunda na kupumua. Aliijua mashine ile. Alishawahi kumpelekea Chapu chakula cha mchana mara nyingi.

"Haloo?" Chapu akapiga kelele ili asikike.

Dada akasoma. Habari za wakati huu, ninazungumza kutoka idara ya ajira. Akasoma mpaka chini.

Nilipotoa misumari mdomoni kumuuliza kwa nini hakukata simu, kwa nini hakujifanya amekohoa, kwa nini hakufanya chochote, alinijibu hivi: "Nilikuwa katikati ya sentensi. Nikasema nisubiri iishe. Ikaisha, ikaja nyingine."

Alisubiri Chapu aulize. Kila mtu huuliza walau ni kazi gani, hata wale waliokata tamaa. Akiuliza, dada alipanga kujibu kwa namna ambayo mtoto angeshtuka. Lakini Chapu, ambaye humuuliza hata muuza nyanya amezaliwa wapi, siku ile hakuuliza lolote. Mashine iliendelea kudunda. Kisha akasema, "Sawa. Nitakuja. Asante. Asante sana." Wageni wakapiga makofi.

Ijumaa jioni dada alirudi akakaa jikoni. Chapu alichelewa, alipita kwa rafiki yake. Alipoingia dada alikuwa amelala, au amelala macho wazi, sijui. Jumamosi asubuhi Chapu aliondoka kabla hatujaamka. Mimi sikujua kitu. Nilimwona dada akifuta meza ile ile mara nyingi, nikadhani ni ganzi yake ya siku zote.

Jumamosi jioni, jua halijazama, Chapu aliingia na mkate mkubwa, pakiti ya siagi na blauzi nyeupe ndani ya mfuko. Akatuita mezani kama mwenye nyumba.

"Mjomba, kaa. Mama, kaa. Nina habari."

Tukakaa. Dada akaanza kumimina chai.

"Nimepata kazi," Chapu akasema. "Ofisini. Jumanne naanza."

"Kazi gani?" nikauliza.

"Afisa mahusiano."

Nikamtazama dada, naye alikuwa anatazama chai inavyoingia kikombeni.

"Mahusiano na nani?" nikauliza.

"Mjomba, utaelezwa nikielezwa."

"Mshahara wamekwambia? Mkataba umeuona? Chapu, wewe uliyemuuliza daktari amesoma wapi, umeshindwa kumuuliza mtu wa simu anakulipa nini?"

Chapu akacheka. Akamtazama mama yake, akatabasamu tabasamu la mtu mwenye siri tamu. "Sikuona haja ya kuuliza," akasema.

Dada akaweka birika chini. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono miwili juu ya meza, kidevu kikainuka kidogo, kama nilivyokuwa nikimwona zamani nyuma ya kioo cha stesheni nikimpelekea chakula. Kisha akafungua mdomo, na ile sauti ikatoka. Sikuwa nimeisikia ndani ya nyumba tangu alipoachishwa.

"Habari za wakati huu. Ninazungumza kutoka idara ya ajira. Katika waombaji wengi waliojitokeza, nina furaha kukujulisha kwamba wewe umechaguliwa. Hongera. Mambo yote yatafafanuliwa ukifika. Njoo umevaa nadhifu, njoo na ari, na tafadhali usichelewe, kwa kuwa nafasi yako inaweza kupewa mwingine. Karibu katika familia ya mabingwa."

Hakukosea neno. Vinyweleo vilinisimama. Ilikuwa nzuri mno, na mimi niliyeshona vile viti na kulipwa kwa pipa la plastiki, kwa muda mfupi nilijihisi nimechaguliwa.

Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, ile iliyochoka: "Naisoma hiyo kutwa nzima, mwanangu. Kwa kila mtu. Hakuna anayekosa. Hakuna mshahara. Utanunua chujio, utamuuzia mjomba wako, halafu basi. Usiende."

Nilingoja Chapu apige kelele. Hakupiga. Tabasamu liliondoka taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafanya kitu taratibu.

"Lakini mama," akasema, "nilijua ni wewe."

Dada akakisogeza kikombe chake kando.

"Nilikujua ulipovuta pumzi, hujasema hata neno. Nikadhani huko ofisini hamruhusiwi kuonyesha undugu. Nikadhani umenifanyia mpango kimya kimya, umechoka kuniona naungua mikono. Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Ndiyo maana sikuuliza kitu. Ningeuliza nini? Ni wewe uliyekuwa unaniita."

Nikauliza mimi, maana dada hakuweza. "Aproni?"

"Nimeirudisha asubuhi."

Saa ya stesheni ikagonga ukutani, kwa kuchelewa kama kawaida yake. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimpelekee nani. Yule mwenye meno mazuri hakuwepo mezani. Waliokuwepo ni mtoto aliyemwamini mama yake na mama aliyesoma karatasi. Tukala mkate ule kwa sababu ulikuwa umeshanunuliwa.

Jumatatu dada alitoka na Chapu mapema wakaenda kwa Mama Dobi. Mimi niliwafuata nyuma, nikasimama mlangoni kwenye joto la mvuke. Kwenye mashine kubwa alikuwa amesimama msichana mwingine, mdogo, bado anaiogopa, anasukuma shuka kwa ncha za vidole.

"Mama Stesheni," Mama Dobi akasema, akifuta mikono, "wewe nakuheshimu. Na mtoto wako ni mchapakazi, sina wa kumlinganisha naye. Lakini huyu nilimwita juzi, leo ameanza. Unataka nimfukuze?"

"Nimekuja kuomba tu," dada akasema.

"Naye ana mama, dada yangu."

"Ndiyo. Nimeelewa."

"Mashuka yakizidi nitamwita Chapu kwa siku. Hilo naliahidi."

Wakashukuru. Chapu alimfuata yule msichana akamwonyesha jinsi ya kushika pembe za shuka ili asiungue, kisha akatoka bila kututazama.

Dada hakurudi nyumbani. Akaenda ofisini. Nilidhani anakwenda kurudisha kitambulisho, nami nikamwacha. Kumbe alikaa kwenye kile kiti, akavaa ile simu, na wakati mabingwa wakipiga makofi ukumbini, akaanza kuwapigia watu wote wa Ijumaa waliotakiwa kuja Jumanne. Safari hii hakusoma karatasi. Aliwaambia zile habari tatu: kazi ni kuuza machujio nyumba kwa nyumba, mshahara haupo, na siku utakayolipwa haijulikani. Kama una kazi, usiiache.

Mwanamke mmoja alimshukuru. Mwingine alimtukana, akamwambia bila shaka anataka nafasi ile ampe ndugu yake. Wengi walikata tu. Wa mwisho alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nimekuelewa, mama," akasema. "Hili ni jaribio, siyo? Mnatupima, nani ana nia na nani hana."

"Siyo jaribio, mwanangu. Usije."

"Mama, sauti kama yako haiwezi kumdanganya mtu. Kesho niko hapo mapema."

Kabla hajamjibu kijana, Bingwa Mkuu alikuja akamvua ile simu kichwani. Hakumfokea. Alimwonyesha yale meno yake akamwambia, "Bingwa, umechoka. Nenda kapumzike." Dada anasema hilo ndilo pekee lililomuuma siku ile, maana maneno hayo alishaambiwa, kwa adabu hiyo hiyo, na watu wa treni.

Alirudi mchana akaniambia yote, mimi nikivuta ngozi juu ya kochi la mteja. Alilia? Hakulia. Ila nilipomtania kwamba sasa tumebaki na chujio la familia ya mabingwa, alinirushia kitambaa cha kufutia meza, kikanipiga usoni. Nikakiokota nikakikunja vizuri, kwa furaha ambayo sikuionyesha.

Chujio tumelipandia mchicha, bomba linasaidia kutoa maji ya ziada. Chapu anaitwa kwa Mama Dobi mashuka yakizidi, na hayazidi mara nyingi. Hajamkosea mama yake adabu hata siku moja. Anamwamkia, anambebea ndoo, anamkanda mabega. Ila kuna kitu, na dada anakiona, na hakuna kati yetu anayekitaja. Zamani mama yake akiita kutoka jikoni kwamba chai iko tayari, Chapu alikuwa anaruka kabla neno halijaisha. Siku hizi anakwenda mlangoni kwanza, anachungulia kama kweli imemiminwa, ndipo anavuta kiti.